Mashine ya Kuoshea Vyombo Imegoma: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Fundi akishasema "hii nunua nyingine tu", wengi hubaki na hesabu moja kichwani: spea ni pesa ngapi, mashine mpya ni pesa ngapi. Kuna kanuni inayozunguka sana kuhusu hesabu hiyo. Gharama ya matengenezo ikizidi nusu ya bei ya mashine mpya, na mashine imeshakula zaidi ya nusu ya umri wake, achana nayo. Umri wenyewe hukadiriwa kuwa miaka 10 hivi.

Kanuni si mbaya, ila imetoka katika nchi ambako fundi kufika tu mlangoni ni ghali. Kwetu mambo yamegeuka: mkono wa fundi ni nafuu, spea ndiyo ghali na huchelewa. Tena ukiwa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja kuna jambo ambalo kanuni hiyo hailigusi kabisa, nalo ni maji. Mashine iliyoharibiwa na maji ya kisima ukiitoa na kuweka mpya palepale, hiyo mpya nayo itakwenda njia ileile.

Kwa hiyo kabla ya bei, tafuta kwanza nini kimeharibika na kimeharibiwa na nini. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, maana zile za mwanzo hazigharimu kitu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mashine yenye kosa

Chomoa plagi, kisha chomeka kitu kingine kwenye soketi hiyohiyo uone kama umeme upo. Angalia kama bomba la maji nyuma ya sinki limefunguliwa. Likishafungwa na mtu aliyekuwa akirekebisha sinki, hakuna anayelikumbuka. Angalia pia kama mpira wa kutolea maji umekunjika au umebanwa na mashine yenyewe iliposukumwa ukutani.

Halafu kuna msukumo wa maji. Mashine nyingi za Ulaya zinataka angalau bar 0.5 (bar ni kipimo cha msukumo), chache hukubali 0.3. Tangi likiwa mita 10 juu ya bomba hutoa takriban bar 1, kwa hiyo tangi lililowekwa mita 3 tu juu ya jiko linakupa bar 0.3. Mashine hapo itavuta maji polepole, itachoka kusubiri, na itaandika kosa kana kwamba vali, yaani kile kinachofungua na kufunga maji ndani yake, imekufa. Fanya jaribio hili: fungua mpira wa kuingizia maji, uelekeze kwenye ndoo, ufungue bomba. Ndoo ya lita 10 ikichukua zaidi ya dakika 2 kujaa, tafuta pampu ndogo ya kuongeza msukumo kabla hujalaumu mashine. Pale mpira unapoingia kwenye mashine kuna kichujio kidogo cha wavu. Kitoe kwa koleo ukisuuze. Maji ya boza hukiziba kwa mchanga upesi sana.

Na sabuni. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono haiingii humu hata tone. Povu lake hupenya kwenye raba ya mlango, hushuka hadi trei iliyo chini ya mashine, na mashine hudhani inavuja. Dada wa kazi aambiwe hili mapema, na aonyeshwe kopo lenyewe, maana sabuni ya mashine ikiisha kitu cha kwanza mtu yeyote atakachoshika ni ile ya pale sinki.

Hatua ya 2: Safisha chujio, kisha ishike pampu kwa mkono

Hapa ndipo mashine nyingi "zilizokufa" hufufukia, kwa hiyo usipite haraka.

Zima umeme ukutani. Vaa glavu nene, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa wa kukuta kipande cha glasi. Toa trei ya chini ya kupangia vyombo, kausha maji yaliyobaki kwa kikombe na sponji, zungusha chujio na ulinyanyue. Lioshe kwa mswaki na maji ya moto. Chini ya chujio kuna shimo, na pembeni yake kifuniko kidogo cha plastiki kinachofunika pampu ya kutolea maji. Kinyanyue kwa mpini wa kijiko. Ndani utaona kijipangaboi kidogo. Kizungushe kwa kidole. Kinazunguka kwa kushtukashtuka kidogo kwa sababu ya sumaku, na hiyo ni kawaida. Kikikataa kabisa, tafuta kilichokikaba. Nyumba zetu zina vitu vyake: mwiba wa samaki, njiti ya kuchokolea meno, punje za pilau zilizogandamana, kijipande cha lebo ya chupa.

Kama nyumba ilifungwa miezi mingi, mfano mwenyewe yuko Muscat au London na hurudi likizo tu, pampu hushikana kwa kukauka hata kama hakuna uchafu. Mimina lita moja ya maji ya uvuguvugu, ngoja, zungusha tena taratibu. Raba nazo hukauka kwa kukaa. Mashine inayotumika mara moja moja huvuja mapema kuliko inayofanya kazi kila siku.

Toa pia mikono miwili inayorusha maji, ile ya chini na ya kati. Itikise. Ukisikia vitu vinacheza ndani ni magamba ya chokaa au mbegu za limau. Zibua kila tundu kwa waya mwembamba. Vyombo vikitoka vichafu upande mmoja tu, kosa karibu daima liko hapa.

Mwisho angalia nyuma: panya hutafuna mpira wa kutolea maji, na mende hupenda kukaa karibu na bodi, ile saketi ya umeme inayoendesha mashine, kwa sababu pana joto. Mpira ni spea ya bei ndogo na hata mpira wa kawaida wenye kipenyo sawa na unaohimili maji ya moto hufaa.

Hatua ya 3: Soma kosa linaloandikwa

Piga picha ya herufi na namba zinazoonekana kabla hujazima. Kwenye mashine nyingi za Bosch na Siemens, E24 ni maji kutotoka, E25 ni pampu iliyozibwa au kile kifuniko chake hakikurudishwa vizuri, E15 ni maji yaliyoingia kwenye trei ya chini, na E09 ni hita. Kwenye LG, OE ni kutoa maji na IE ni kuingiza. Kwenye Samsung, 4C au 4E ni maji kutoingia, 5C au 5E ni kutotoka.

E15 ndiyo inayowaangusha wengi. Chini ya mashine kuna boya dogo. Maji yakifika pale hulinyanyua, na mashine hufunga maji na kuendesha pampu bila kukoma. Watu huilaza mashine nyuzi 45 kuelekea mlangoni, maji yanamwagika, inawaka tena, shangwe. Baada ya wiki inarudi palepale. Kuyamwaga maji si matengenezo. Toa bati la pembeni, washa mashine ikiwa wima, tazama kwa tochi matone yanatoka wapi: kwenye raba inayozunguka shimo la chini, kwenye kiungo cha mpira, au kwenye pampu. Mara nyingi ni raba, au ni povu la ile sabuni. Wakati huo usitie mkono ndani, umeme unapita.

Kosa lisikupe uhakika kupita kiasi lakini. Linakuambia mashine imeona nini, halikuambii sababu.

Hatua ya 4: Fundi apime, asikisie

Hatua hii ni ya fundi wa umeme au mtu anayejua kutumia mita ya kupimia umeme. Plagi iwe imechomolewa. Hita ya wati 2,000 kwa umeme wa volti 230 inapaswa kusoma takriban omu 26. Ikisoma namba ya karibu na hapo, hita ni nzima. Isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma kati ya waya wake na mwili wa mashine, inavujisha umeme, na ndiyo sababu swichi kubwa ya nyumba hushuka kila mashine inapoanza kupasha.

Hita nzima na maji bado baridi? Basi shaka inahamia kwenye bodi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kwenye bodi kuna relei inayoruhusu umeme kwenda kwenye hita. Umeme mkubwa hupita hapo, risasi iliyochomelewa hupasuka au kuungua, na bodi nzima hutangazwa maiti. Fundi wa redio na televisheni mwenye chuma cha kuchomelea risasi anaweza kubadilisha relei hiyo kwa sehemu ndogo sana ya bei ya bodi mpya. Kabla hujaagiza bodi kutoka nje, ipeleke kwake. Mwambie tu: "Fundi, niangalizie relei ya hita na sehemu zilizopasuka." Akiona kweusi nyuma ya bodi ataelewa.

Kama bodi iliungua kwa umeme uliorudi kwa kishindo baada ya kukatika, tafuta kinga kabla hujawasha tena. Ile kinga ya friji uliyonayo haitoshi: nyingi ni za ampea 5, na mashine yenye hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Chukua ya ampea 13 au zaidi.

Hatua ya 5: Tazama mwili

Pampu, hita, vali, raba na mikono hubadilishwa. Mwili haubadilishwi. Ndiyo maana mimi huweka uzito mkubwa hapa kuliko kwenye umri.

Mulika tochi kwenye kuta za ndani, hasa pembe za chini, kwenye mshono, na mahali bawaba za mlango zinaposhikilia. Doa la kutu linalofutika kwa sponji mara nyingi limetoka kwenye kisu au kijiko rahisi, halina neno. Vitundu vidogo vyeusi vinavyoingia ndani ya bati ni habari nyingine. Hata chuma kisichoshika kutu hutobolewa na maji yenye chumvi nyingi, na kikianza hakirudi nyuma. Mashine za bei ndogo zina ndani ya chuma lakini sakafu ya plastiki. Hiyo haishiki kutu ila huweza kupasuka.

Trei zilizochubuka plastiki na kuota kutu zisikutishe. Zinapatikana kwenye mashine za kuvunjwa, na ncha mojamoja hufunikwa kwa kofia za plastiki.

Mwili ukiwa mzima, mashine ya miaka 12 yaweza kutengenezwa. Mwili ukiwa na vitundu, hata ya miaka 4 usiiwekee pampu mpya.

Hatua ya 6: Jua maji yako

Watu wa pwani tunasema "maji ya chumvi" kwa vitu viwili tofauti, na mashine inavitofautisha sana. Kimoja ni maji magumu, yenye chokaa inayotoka kwenye miamba ya matumbawe. Kingine ni maji yenye chumvi kwelikweli, bahari iliyopenya kisimani. Kisima kimoja chaweza kuwa na vyote viwili.

Kupima, chukua glasi iliyotoka na utando mweupe. Ifute kwa kitambaa chenye maji safi ya mvua au ya chupa. Ukitoka, ni chumvi. Usipotoka, ifute kwa siki au ndimu. Ukitoka hapo, ni chokaa. Usipotoka kwa chochote, glasi yenyewe imeliwa, na hilo hutokea kinyume chake: maji laini mno pamoja na sabuni nyingi na moto mkali.

Chokaa ina dawa. Mashine nyingi za Ulaya zina kilainisha maji sakafuni, chenye kifuniko cha kuzungusha, na hicho hushika chokaa mradi kina chumvi maalumu ya mashine. Ni chumvi safi ya chembe kubwa, isiyo na madini joto wala dawa ya kuzuia kuganda. Usiweke chumvi ya mezani. Na wala usidhani kwamba kwa kuwa maji ya kisima yana chumvi basi umeokoa pesa; hayakifanyii kazi hiyo. Baada ya kujaza, weka kiwango cha ugumu kwenye mashine kama kitabu kinavyoelekeza. Watu hujaza chumvi na kuacha kiwango kilichokuja kutoka kiwandani, ambacho kiliwekwa kwa kukisia mji wa mtu mwingine. Nairobi, kwenye maji ya bwawa la Ndakaini ambayo ni laini, kiwango kiwe chini kabisa. Mombasa ukiwa kwenye kisima, huenda kikahitaji kupanda karibu na mwisho.

Magamba yaliyokwisha kushika huondolewa kwa unga wa asidi ya sitriki: gramu 100 hivi ndani ya mashine tupu, mzunguko wa moto, bila sabuni.

Chumvi halisi haina dawa ndani ya mashine. Kilainisha maji hakiigusi kabisa. Maji ya bomba ya Mombasa, yatokayo Mzima au Baricho, yakikatika na nyumba ikarudi kwenye kisima cha chumvi, afadhali kuosha kwa mkono siku hizo, au kuunganisha mashine kwenye tangi la maji ya mvua. Hakuna njia nyingine, na huyo anayekuuzia mashine "maalumu ya pwani" mwulize inafanyaje.

Hatua ya 7: Sasa piga hesabu

Mwili mzima, kosa ni pampu ya kutolea maji, vali, raba, mpira, swichi ya mlango au relei: tengeneza, hata usiwaze. Hita inayojitegemea, vilevile.

Pampu kubwa ya kuzungusha maji ni suala la kupima. Kwenye mashine nyingi za siku hizi hita imejengwa ndani ya pampu hiyo, kwa hiyo kimoja kikifa unanunua vyote. Hapa ile kanuni ya nusu inafaa: tafuta bei ya spea pamoja na usafiri, ongeza ya fundi, linganisha. Spea ya mashine iliyovunjwa hukubalika kwa pampu, mradi uisikie ikizunguka kabla hujalipa.

Namba ya modeli iko kwenye ukingo wa mlango. Ipige picha, jina la kampuni peke yake halimsaidii muuza spea. Kama mashine iliingia sokoni Ulaya tangu Machi 2021, kuna jambo la kukufaa: kanuni za Umoja wa Ulaya zinamtaka mtengenezaji awe na spea kwa muda baada ya modeli kuacha kuuzwa. Mota, pampu na hita ni miaka 7 kwa mafundi. Raba za mlango, mikono ya maji, machujio na trei ni miaka 10, na mteja wa kawaida anaweza kuagiza. Shemeji anayekuja kutoka Ujerumani atabeba raba ya mlango kwenye begi bila tabu.

Makosa mawili makubwa yakigongana, kwa mfano bodi na pampu kubwa, acha.

Hatua ya 8: Ukinunua, tazama haya

Kwanza kifuniko cha chumvi sakafuni. Mashine isiyokuwa nacho usiipeleke pwani. Pili msukumo mdogo kabisa wa maji, umeandikwa kwenye kitabu au lebo. Tatu trei ya juu inayopanda na kushuka, ili sufuria kubwa iingie chini.

Na hapo pa sufuria, tuambiane ukweli. Sabuni ya mashine ni kali, na hugeuza sufuria za aluminiamu kuwa za kijivu au nyeusi. Mwiko, mbuzi ya kukunia nazi, kinu cha mbao, chungu cha udongo na kikaango cha chuma kizito vyote vinabaki nje. Kama jiko lako ni sufuria za aluminiamu tupu, mashine itakuoshea sahani, vikombe na vijiko, na sufuria utasugua mwenyewe kama zamani. Kwa nyumba ya wageni wa kulipia ni faida. Kwa familia ya watu wanne wanaokula sinia moja, sijui kama ina haja.

Kuhusu maji, mzunguko wa kubana matumizi hutumia takriban lita 9 hadi 12 na huchukua saa 3 au zaidi, kwa sababu unapasha kidogo na kuosha muda mrefu. Si ubovu. Wauzaji hulinganisha na bomba linaloachwa likitiririka. Anayeosha kwa beseni mbili hayuko mbali na lita hizo.

Intaneti ndani ya mashine, taa za rangi, programu 14: ruka. Utatumia mbili, na kila kitu cha ziada ni bodi nyingine ya kuungua. Ukimya una thamani kama jiko limeungana na sebule. Mlango unaojifungua mwisho ili vyombo vikauke unasaidia, ila kwenye unyevu wa pwani vya plastiki vitabaki na matone hata hivyo.

Wanaoshusha vitu kwa kontena kutoka Marekani wasiweke mashine hii ndani. Ya kule ni ya volti 120 na hezi 60 (hezi ni mapigo ya umeme kwa sekunde). Transfoma itarekebisha volti lakini hezi zitabaki 50 na mota haitakwenda kwa kasi iliyopangiwa. Nyingi hazina sehemu ya chumvi, na hutarajia kuunganishwa na maji ya moto. Iliyotoka Uingereza, Ujerumani au Dubai haina tatizo hilo la umeme, lakini kwa mtumba ifungue uangalie pembe za sakafu kama katika hatua ya 5, kisha idai iwashwe na maji mbele yako hadi ipashe. Kuwaka taa si kufanya kazi.

Ile ya zamani usiiuze nzima kwa wa chuma chakavu. Toa trei, mikono, pampu ya kutolea maji, vali na mpira, umpe fundi wako au uuze kimoja kimoja. Trei nzima huwa na mnunuzi upesi. Bodi nayo iweke, hata ikiwa mbovu, maana fundi wa relei huhitaji ya kuchuna.